Likizo Yangu ya Kwanza Niliitumia Nambis

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopewa likizo ya kwanza maishani mwangu: siku ishirini na nane, pamoja na waranti ya safari ambayo ingenifikisha Tanga na kunirudisha. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali pale Katesh. Shule niliishia darasa la nne. Kupiga taipu nilijifundisha mwenyewe, kwa kuchora herufi za mashine kwenye kadibodi na kuzibonyeza nikiwa nimefumba macho. Kiswahili cha ofisini nilikipata kwa kunakili barua za watu wengine. Kwa sababu hiyo niliogopa kosa kuliko ugonjwa. Herufi moja ikikaa vibaya nilichana karatasi nzima, na vipande nilivificha ndani ya soksi mpaka jioni, ili asiwepo mtu wa kuviona kwenye kapu la taka.

Fomu za likizo ndizo zilizonipa ule ugonjwa wa kulinganisha. Watumishi karibu wote walitoka mikoa mingine, na kila mmoja alipokuja mezani kwangu kujaza fomu nilimwuliza anakwenda wapi. Aliporudi nilimwuliza kukoje. Majibu niliyaandika katika daftari nililolipiga mistari kwa rula: maji, chakula, malazi, hali ya hewa, watu. Kila mstari niliupatia maksi kati ya ishirini, kisha nikatafuta wastani wa mahali hapo. Hakuna aliyenituma.

Mganga msaidizi wa zahanati, mtu wa pwani, alikuwa na ndugu wa mama yake kisiwani Ngazija, na aliwahi kukaa huko miezi miwili.

"Mchanga wa ufukweni ni mweusi, bwana karani," aliniambia. "Mweusi kama masizi ya chungu."

"Kwa nini uwe mweusi?"

"Mlima ulitapika moto, moto ukateremka mpaka baharini." Akanyoosha kidole dirishani, kuelekea Mlima Hanang. "Huu wenu nao ukiamka leo, Jorodom yote pale chini yake itakuwa ufukwe."

"Na bahari itatoka wapi?"

"Hilo mwombe mkuu wako aandike barua."

Alisema pia kwamba kule huwezi kupita mbele ya nyumba bila kuitwa uingie, ule, uulizwe wewe ni mtoto wa nani. Katika mstari wa watu niliwapa ishirini. Kwa wastani, Ngazija ilipata kumi na saba.

Bwana shamba yeye alikuwa amepelekwa kusoma Ulaya, katika mji mkubwa, karibu mwaka mzima.

"Kikombe cha chai bei ya kuku," alisema. "Na chai yenyewe imepauka, unaona mpaka chini."

"Watu wakoje?"

"Sijui. Nilipanda ngazi moja na mzee mmoja kila siku, milango yetu inatazamana. Hata jina hakuniuliza. Siku moja nilimsalimia, akaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine."

Mji ule niliupa sita, nao ukakaa mwisho wa daftari. Ngazija ilikuwa ya kwanza, lakini waranti ya serikali haikuvuka bahari. Ya pili ilikuwa Tanga. Fomu yangu niliijaza mara tano, na ile ya tano nikaikubali.

Siku tatu kabla ya kuondoka ikaja barua ya mama kutoka Nambis, imeandikwa na katekista. Ilikuwa fupi. Mtoto wa dada yangu, mwenye miezi minne, amefariki na ameshazikwa. Dada yuko metimani. Wewe nenda safari yako salama, usije.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga inajitenga. Hiyo ndiyo metimani. Wenye nyumba hawaingii kwa watu na watu hawaingii kwao. Hawachoti maji kwenye chemchemi ya wote, moto wao hauazimwi, mifugo yao haichangamani na ya jirani. Watu wanaogopa kwamba msiba utamfuata anayegusana nao, na zaidi mwanamke mwenye mimba. Anayeingia humo akala au akanywa, naye amekuwa wa humo mpaka wazee waje kufungua. Serikali ilikuwa inaipinga mila hiyo. Waraka wa kuipinga niliupiga taipu mimi, bila kosa hata moja. Kwenye mkutano tulipiga makofi, kisha kila mtu akarudi kwake na kuendelea kama zamani.

Mume wa dada alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya Basotu. Walimwambia abaki huko, kwani akiingia metimani kazi ingempotea. Mama alikuwa akiishi na mke wa kaka yangu, ambaye alikuwa na mimba kubwa, kwa hiyo hakuweza kusogea. Dada alikuwa peke yake. Mtu pekee wa kuingia bila kumletea mwingine hofu nilikuwa mimi, nisiye na mke wala ng'ombe. Wazee walikuwa wametoa mwezi mmoja. Nikiingia, likizo yangu imeishia mle ndani.

Niliifahamu hesabu hiyo vizuri, na kwa sababu hiyo nilijitungia njia ya tatu. Nitapita Nambis, nitamsalimia dada kwa nje, kisha nitaendelea hadi Arusha kupanda treni ya Tanga. Nilipanda basi mpaka Mbulu mjini, nikatembea na begi langu, na saa sita mchana nilikuwa kijijini.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari, kila moja hatua chache kutoka kwa nyingine. Zamani nyumba ya metimani ilikuwa na kilima chake, na kujitenga hakukuhitaji kazi. Sasa jirani alisikia mpaka kikohozi. Walikata matawi ya miiba wakayalaza pande zote za nyumba ya dada, na njia yake ya maji ikapitishwa nyuma, mbali, mpaka chini kwenye kijito ambacho hakuna mwingine aliyekitumia.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa amesimama barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unakwenda Tanga."

"Ndiyo, mzee."

"Una ndugu huko?"

"Hapana."

"Umetumwa kikazi?"

"Hapana, mzee. Ni likizo."

"Likizo. Kwa hiyo unakwenda kukaa tu."

"Ndiyo, kukaa tu."

"Kukaa tu hata hapa watu wanakaa," alisema, akaondoka.

Dada alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha. Nilisimama nje ya miiba. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, pande zote mbili, kwa maziwa. Nikahamisha macho nikatazama paa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na begi."

"Naelekea Tanga."

"Nimesikia. Nenda."

"Unakula?"

"Napika."

"Nimeuliza kama unakula."

"Na mimi nimekwambia napika."

Hapo ndipo ninapopaswa kusema ukweli, na nimeuahirisha miaka kadhaa. Sikuingia. Nilibaki nje ya miiba ile tangu saa sita mpaka karibu saa kumi, nikijifanya natafakari. Kichwani nilipiga mistari kama ya daftari. Upande wa kwenda: mama mwenyewe ameandika nisije, dada mwenyewe amesema nenda, fomu imekubaliwa, waranti ina mwisho wake. Upande wa kubaki: dada. Neno moja tu. Nilikuwa nikilitazama neno hilo nikisubiri lifanye kitu ndani yangu, na halikufanya kitu. Kifua changu kilikuwa kama ufizi uliochomwa sindano kabla ya kung'oa jino. Unajua kuna mahali panapaswa kuuma, unapagusa, hapaumi. Sikumlilia mtoto yule. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, amelala, na nilichokumbuka zaidi ni kofia yake ya sufu iliyofumwa vibaya upande mmoja.

Kisha mvua ikaanza. Ilikuwa mvua kubwa ya huko juu, yenye baridi, inayokuja bila kubisha hodi. Majirani wakafunga milango. Nilikuwa na shati jeupe, na waranti ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imepigwa taipu vizuri, nami nikaogopa wino utatawanyika. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa dada. Niliruka miiba nikaingia. Alinitazama, akachota maji mtungini kwa kibuyu akanipa. Nikanywa.

"Basi," alisema. "Umekwisha."

Baadaye watu walisema nilifanya jambo la upendo. Katekista alilitaja kanisani, na mama alilia. Wote niliwaacha waamini hivyo.

Siku zilifanana. Asubuhi niliteremka kijitoni kwa njia ya nyuma, nikarudi na ndoo. Dada alichemsha makande. Tulikula kidogo, tukaketi. Mama alituletea unga, akauacha nje ya miiba, akasimama mbali mpaka mmoja wetu auchukue. Hatukuwa na cha kuzungumza kuhusu mtoto. Dada alikunja nguo zake ndogo, akazikunjua, akazikunja tena, nami nikaona kwamba kingo hazilingani, nikajizuia nisizirekebishe.

Siku ya sita au ya saba aliniuliza, "Kwa nini uliingia?"

"Mvua."

"Nilijua. Ulikuwa umeushika mfuko wa shati kama mtu mwenye kidonda."

Hakukasirika. Nadhani hata aliona afadhali, kwa sababu tangu siku hiyo alianza kuzungumza. Akataka nimsomee kitu. Kwenye begi nilikuwa na daftari langu tu, kwa hiyo nikamsomea hilo, mahali kwa mahali, pamoja na maksi.

Alibisha kuhusu Ngazija.

"Mchanga mweusi? Mtu atajuaje kama miguu imechafuka?"

"Wanaoga baharini."

"Na huo mlima bado unatoa moshi?"

"Mganga anasema bado."

"Na wao wanakaa tu chini yake?"

"Wanakaa."

"Na watu wanaita kila anayepita, aingie, ale, aseme ni mtoto wa nani?"

"Ndiyo. Ndiyo maana niliwapa ishirini."

Alisukuma kuni ndani zaidi. Kisha akasema, "Huko hapana. Nisomee ule mji wa chai."

Nikamsomea: bei, baridi, chai iliyopauka, mzee wa mlango wa mbele.

"Huyo mzee," dada alisema, "akifiwa, nani anajua?"

"Hakuna anayejua."

"Bwana shamba anaweza kupishana naye kwenye ngazi, na mzee amefiwa jana?"

"Anaweza. Hawasalimiani."

"Kwa hiyo mzee anatoka tu. Anakwenda dukani, ananunua mkate, anarudi."

"Mkate huko ni ghali sana."

"Anunue nusu." Akautazama moto. "Mimi ningekwenda huko. Umewapa ngapi?"

"Sita."

"Weka ishirini."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa ni kukata tarakimu moja na kuandika nyingine. Badala yake nilimweleza dada yangu, aliyekuwa bado anajikamua maziwa kwenye majivu asubuhi na jioni, kwamba maksi hazibadilishwi hivihivi. Nilimwambia mji ule una baridi, hauna jua, malazi yake ni mabaya, na kwamba nikibadilisha mstari mmoja itabidi niupitie upya kila mji ili kuwe na haki. Nilisema hivyo hasa: ili kuwe na haki. Sauti yangu ilikuwa ile ya ofisini.

"Sawa, karani," alisema.

Akainama akapuliza moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri. Hakuniomba tena nimsomee. Nafikiri katika mambo yote niliyoyafanya kipindi kile, zile saa nne nje ya miiba nimeweza kujisamehe. Hili sijaweza. Kesho yake nililitoa daftari nikaandika ishirini, nikamwonyesha. Alilitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya watu asiowajua.

Siku zilizobaki zilipita kwa mpangilio uleule. Niliteka maji, yeye akapika. Maziwa yalikauka, nikajua kwa sababu gauni lilikaa kavu mpaka jioni. Alianza kula sahani nzima, lakini alikula kama anayemaliza kazi.

Mwezi ulipotimia wazee walikuja asubuhi wakafanya ya kwao. Tulinyolewa nywele wote wawili. Miiba iliondolewa, majivu ya zamani yakatolewa, moto mpya ukaletwa kutoka kwa jirani. Mama aliingia ndani, akamshika dada mabega, akakaa naye kitandani.

Kisha dada alichukua ndoo. Nikasimama ili nimfuate, kwa mazoea.

"Wewe baki," alisema. "Nataka niende mwenyewe."

Chemchemi ya wote haikuwa mbali. Nilitoka na begi langu nikasimama njiani, mahali ninapoweza kuiona. Wanawake sita au saba walikuwa pale na ndoo zao. Yule aliyekuwa anateka alipomwona alitoa ndoo yake, ikiwa nusu, akasogea pembeni. Dada hakuingia kwenye ile nafasi. Alikwenda nyuma, mwisho wa foleni, akaweka ndoo yake chini, akasubiri zamu yake kama mtu yeyote. Halafu yule mwanamke akarudi kwenye maji akamalizia ndoo yake, na foleni ikasogea.