Mtu Asiye na Mdomo

Mpaka leo, mimi mtu mzima mwenye nyumba na funguo zake, nikifungua dawa ya meno asubuhi mwili hunisisimka. Si meno. Meno yangu ni mazima, mashallah, isipokuwa moja la nyuma ambalo tumekubaliana lisinisumbue, nami nisilisumbue kwa sukari. Ni ile harufu. Ule ubaridi unaopanda puani hunirudisha ukumbini kwetu Msambweni, saa ya alasiri, pazia limeshushwa, deki ya sidii imeanza kunguruma, nami nimejifunika leso ya mama kichwani nikisubiri mtu asiye na mdomo atokee.

Ngoja niwaeleze dawa ya meno ilitafuta nini kwenye televisheni.

Baba alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya watalii huko Galu. Wageni wakiondoka huacha vitu: lapa la mguu mmoja, mafuta ya kujipaka juani, vitabu vilivyoingia mchanga. Vile ambavyo hakuna aliyeviulizia, wafanyakazi waliruhusiwa kuvichukua. Wenzake walipeleka kwao taulo. Baba yetu alituletea sidii za katuni. Watoto wa jirani walikuwa na zile za kampuni kubwa ambayo kila mtu anaijua, mabinti wa kifalme wenye macho kama visahani na wanyama wanaoimba kila wakipata shida. Sisi tulikuwa na katuni za watu gani, sijui. Moja ilikuwa ya udongo wa kufinyanga, na alama za vidole vya mfinyanzi zilionekana kwenye mashavu ya watu. Nyingine ilichorwa kama kwa makaa, kila kitu kikitetemeka kana kwamba mchoraji alikuwa na homa. Na hii ninayoisimulia ilikuwa ya watu wa mbao waliovishwa nguo za sufu, wakitembea kwa kushtukashtuka katika nchi nyeupe tupu, ambayo mimi niliamini ni ya chumvi. Lugha yao hatukuijua. Hata baba, aliyejua "habari za asubuhi" za kila taifa lililokanyaga Galu, alisikiliza kidogo akatikisa kichwa.

Nilizipenda kwa ubishi. Watoto wa jirani walinicheka kuwa katuni zetu hazina hata nyimbo. Niliwaambia zenu ni za kulazia watoto wachanga, zetu zinatisha. Nilisema hivyo kwa kujigamba mchana, jua likiwaka, nikiwa nje. Ndani ilikuwa habari nyingine.

Sidii ile ilikuwa na mikwaruzo kama iliyoburutwa mwambani, na dawa yake ilikuwa dawa ya meno: unapaka kidogo, unasugua kwa pembe ya leso kutoka katikati kwenda nje, unafuta, unasoma bismillahi, unaingiza. Kazi hiyo ilikuwa ya dada yangu, Mejumaa. Yeye alikuwa amemaliza darasa la nane akisubiri matokeo, mimi ndiyo kwanza meno ya mbele yanang'oka. Kusugua ni yeye, na kutafsiri pia ni yeye. Lugha ile hakuijua zaidi yangu, lakini nyumba yenye deki haikosi mmoja wa kuwaeleza wengine kinachosemwa, na Mejumaa alikuwa na sauti tano sita kooni mwake.

Katuni yenyewe ilikwenda hivi. Mtu mrefu wa mbao anatembea katika nchi ya chumvi. Ana macho, ana pua, na chini ya pua hana kitu. Mbao tupu, laini, iliyopigwa msasa. Mgongoni ana gunia kubwa. Anabisha mlango huu na ule, anaingia, na kila akitoka gunia limezidi kujaa. Halafu gunia linacheza. Mwishoni anapanda kilima kwenye nyumba ya peke yake. Mlango unafunguliwa na bibi mfupi mwenye ufagio, na nyuma ya bibi yuko msichana mwenye nywele za uzi wa njano, ameshika sketi ya bibi kwa mikono miwili. Bibi anainua ufagio, anafungua mdomo, na hapo sidii inakwama. Kila siku, palepale. Ufagio juu, mdomo wazi, picha ikimeguka vipande vya rangi. Tulikuwa hatujapata kujua bibi alisema nini.

Mwanzoni Mejumaa alimfanya yule mtu kuwa mchuuzi wa mitumba, anakusanya nguo kuukuu akaziuze Ukunda, na kinachocheza ndani ya gunia ni paka aliyeingia kutafuta joto. Tulicheka. Mimi nilicheka nikiwa ndani ya leso, lakini nilicheka.

Kisha mjomba akaja.

Mjomba Bakari, kaka mkubwa wa mama, alikuwa na duka na mkahawa huko Mackinnon Road, kando ya barabara ya malori. Kwetu mjomba si mgeni wa kupewa chai tu akaenda. Ana sauti juu ya watoto wa dada yake; hata baba alikuwa akiketi wima anapozungumza naye. Alifika siku ya Ijumaa baada ya sala, begi kubwa begani, na kitambaa cha kuzuia vumbi kimemfunika mdomo. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Nikaona macho. Nikaona pua. Chini ya pua, hakuna kitu.

Kwa yowe nililopiga, jirani wa nyumba ya tatu aliniambia baadaye kwamba alidhani tumeingiliwa na nyoka. Niliruka, nikaingia uvunguni mwa kitanda, na shikamoo ya mjomba niliitoa kutoka huko huko, kwa amri ya mama.

"Marahaba," sauti yake ikajibu. "Na huyu naye ana nini?"

"Ana katuni," mama akasema.

Nilikaa uvunguni na mende mmoja ambaye naye hakuwa na haraka. Kutoka barazani maneno yalinijia vipandevipande, na hakuna aliyejali kuyaficha kwa mtoto aliye chini ya kitanda. Mke wa mjomba amejifungua pacha. Duka linataka mtu, mkahawa unataka mtu. Vikombe viligongana, ni Mejumaa analeta chai. "Huyu kashakuwa," mjomba akasema. "Mikono yake ni ya kazi." Baba akauliza habari ya shule. "Shule ipo. Aje kwanza, ataanza mwakani, inshallah." Baba akakohoa. Kwa mama nilisikia tu ukili wake wa mkeka ukipita vidoleni, shwa, shwa, shwa, kisha hata huo ukanyamaza. Mjomba akasema atarudi mwezi ukiandama.

Nawaambieni ukweli, yote hayo niliyasikia na sikuyaelewa. Nilichoelewa ni kimoja: mtu wa gunia amekuja kuniangalia mimi.

Tangu siku ile katuni ikabadilika. Sidii ni ileile, watu wa mbao ni walewale, lakini Mejumaa hakuwa tena na sauti tano. Alikuwa na moja, ya chini, na macho yake hayakutoka kwenye kioo cha televisheni. Mitumba ikaisha, na paka akafa. Sasa yule mtu alikuwa akikusanya wasichana. Haombi, alisema, kwa sababu hana cha kuombea. Ananyosha kidole tu, na wenye nyumba wanainamisha vichwa. Huwapeleka mahali penye vumbi jekundu, malori yakinguruma mchana na usiku. Huko wanaamka kabla ya adhana, wanafagia, wanachota maji, wanabeba watoto wa wenyewe mgongoni.

"Na shule?" nikauliza.

"Mwakani."

"Mwaka ukifika?"

"Anaambiwa mwakani."

Nililala na neno hilo likinizunguka kama mbu. Mwakani. Mpaka leo mtu akinieleza jambo la mwakani, hata likiwa la harusi, natafuta mlango uko wapi.

Siku moja nikampigia magoti. "Da' Mejumaa, akija atanichukua?"

Akaniangalia kama aliyeamshwa, kisha akacheka, kicheko kifupi kisichofika machoni. "Wewe? Akakufanyie nini? Kikombe tu hujui kuosha. Yeye huchukua wanaojua kazi."

Ndugu zangu, sijapata kupewa siri kubwa kama ile. Nikaacha kuosha vikombe. Nikaambiwa fagia, nikafagia takataka nikaziingiza ndani. Nikatumwa maji, nikarudi na ndoo ina vidole viwili vya maji na mimi mwenyewe nimelowa. Mama alinifinya masikio mpaka yakawa ya moto, na kila mfinyo ulinipa amani, kwa sababu ni ushahidi kwamba sifai. Uvivu huu mnaonisema nao una historia yake. Ulianza kama njia ya kuokoa roho.

Kadiri mwezi ulivyopungua ndivyo Mejumaa alivyozidi kutaka kuiangalia ile katuni. Hakula vizuri. Nilimwona akisugua sidii haraka haraka, kama mtu anayekimbizana na kitu. Ikifika kwa bibi, ikakwama, alikuwa anasema, "Hapo ndipo anapochukuliwa," halafu anazima. Hakupata kuniambia bibi alifanya nini. Nilitetemeka kwa ajili yangu mwenyewe. Haikunipitia kichwani kwamba katika chumba kile mwoga alikuwa zaidi ya mmoja.

Mama alikuwa akisuka ukili uani, mgongo kwa dirisha. Hakuwa mtu wa kuangalia mapicha. Alisema yanakula macho na stima. Lakini alasiri moja, dada akiwa katikati ya vumbi jekundu, pazia lilisogezwa na mama akaingia na ukili wake, akaketi mkekani kati yetu.

"Anzeni tena," akasema. "Mwanzo kabisa."

Mejumaa akaanza, kwa sauti ndogo hata deki ilimshinda. Alijaribu kurudisha mitumba, alijaribu kurudisha paka. Mama akamkata: "Sivyo ulivyokuwa ukisimulia jana." Ikabidi aeleze yote: kidole, malori, watoto wa mgongoni, mwakani. Mama hakuinua macho kutoka kwenye ukili. Tukafika kilimani. Mlango ukafunguliwa. Ufagio ukapanda, mdomo ukafunguka, picha ikameguka.

"Huyu bibi mbona hasemi kitu?" mama akauliza.

"Imekwama, Mama. Hukwama hapo kila siku."

"Itoe. Mishi, dawa ya meno."

Nikaileta, mimi niliyeapa kutofanya kazi. Mama akaweka ukili kando, akapaka dawa, akashika pembe ya leso na kusugua. Hakuharakisha. Alisugua mpaka harufu ikajaa chumba, mpaka macho yakaniwasha, akageuza, akapuliza, akasugua tena. Dada alikuwa amekumbatia magoti yake. Mimi nilikuwa nimeshajifunika, nimeacha tundu la jicho moja.

Sidii ikaingia. Mlango ukafunguliwa. Ufagio ukapanda, picha ikatikisika, ikasita, ikapita.

Bibi wa mbao akaanza kusema. Alisema kweli kweli, ufagio ukicheza mbele ya pua ya yule mtu. Nikamgeukia Mejumaa anieleze, lakini naye alikuwa hajapata kuona kipande kile. Ndipo mama, aliyekuwa hatazami mapicha, akamsemea bibi.

"Kaka," akasema, "karibu. Heshima yako iko palepale. Chai utakunywa, wali utakula. Lakini mwana huyu haendi. Kama ni kusoma mwakani, nani aliyekuambia kwamba huku kwangu hakuna mwakani? Gunia lako rudi nalo jepesi."

Msichana wa nywele za uzi akachungulia nyuma ya sketi. Yule mtu akainama, akageuka, akashuka kilima.

Mama akachukua ukili wake akatoka. Mejumaa alikwenda uani akaosha vikombe vyote, na vilivyokuwa safi akaviosha.

Mwezi ulipoandama mjomba akaja na begi lake. Nilikuwa uvunguni kabla hajamaliza salamu aleikum. Kutoka huko nikamsikia mama akisema, "Kaka, heshima yako iko palepale," na nywele zikanisimama: katuni imetoka kwenye deki imeingia barazani. Sauti yake ilitetemeka safari hii, mara mbili ikakatika, na baba alikuwa akitazama malapa yake. Lakini alifika mwisho. Mjomba akamaliza chai yake yote, akasema alhamdulillahi, akaondoka. Idi mbili hakukanyaga kwetu, na mbuzi wetu wa uani waliuzwa ili Mejumaa apande mlima wa Kwale na sanduku la bati, aingie kidato cha kwanza. Mimi nilifurahi kwamba nimeokoka. Nilijipongeza kwa vile vikombe.

Ilinichukua miaka kuelewa kuwa begi lile halikuwa na habari na mimi hata siku moja. Na kwamba mama, ambaye kwa mila zetu hakuwa wa kumrudisha kaka yake mlangoni, alihitaji kwanza kujisikia akisema maneno yale mahali ambapo hayangemvunjia mtu heshima.

Mejumaa sasa anafanya kazi ofisini huko Kwale na hushuka Jumamosi kunitazama nisivyobadilika. Majuzi mwanawe aliitafuta katuni ile kwa simu, kwa kumweleza tu mtu wa mbao na gunia, akaipata, ina maandishi ya Kiingereza chini. Tukakaa kitandani kwa mama, ambaye macho yake siku hizi yana ukungu. Kumbe yule mtu ni fundi. Hukusanya mablanketi yaliyochanika, huyashona, huyarudisha kwa wenyewe kabla ya baridi. Gunia linacheza kwa sababu kuku ameingia. Na bibi, ufagio juu, analalamika kwamba blanketi lake limerudi likinuka kuku.

Mejumaa alicheka mpaka akalia, kisha akaacha kucheka na bado analia.

Mama akageuza uso kuelekea kwenye sauti ya simu. "Huyo bibi anasema nini?"

Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa tayari ulimini, pamoja na kuku. Dada akanitangulia.

"Anasema mwana haendi, Mama."

"Enhe," mama akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.