Waya wa Silinda ya Nyuma

Ndege tuliijenga wawili, mimi na rafiki yangu wa Malukhu, Mbale, katika kibanda changu cha ufundi kule Walukuba. Mbavu zilikuwa za mbao, juu tukavika kitambaa tulichokipaka rangi, na injini tuliitoa kwenye gari dogo lililoachwa na vita likiwa halina viti wala milango. Kiti kilikuwa kimoja, changu. Yeye alikataa katakata kupanda kitu alichokigongelea misumari mwenyewe, na tulicheka sana kwa hilo.

Aliniita afande, kunichokoza tu, kwa kuwa kwetu ni Wanubi na baba yangu alikuwa mwanajeshi. Wakati wa vita neno hilo halikuwa mzaha. Wanubi tulikuwa tukisakwa, sote tukihesabiwa askari wa serikali iliyopinduliwa, naye akanificha juu ya dari ya nyumba yake miezi mitatu. Wenye bunduki walipobisha, nilimsikia akiwaambia kwa sauti tulivu kabisa, "Hapa kuko mimi na bibi tu." Tangu siku hiyo sikuwahi kulitilia shaka neno lake lolote.

Kilichotusumbua ni joto. Injini ile haikutumia maji. Ilipozwa kwa upepo, na upepo ni mvivu, hupita penye nafasi. Tulikata vipande vya bati vya kuuelekeza katikati ya silinda, tukaziba nyufa kwa mpira wa tyubu. Silinda tatu zilitulia. Ya nne, ya nyuma kushoto, ikakaidi. Kipimajoto tulikuwa nacho kimoja, kwa hiyo waya wake tuliufunga chini ya plagi ya hiyo kaidi. Ikisalimika hiyo, zote zimesalimika. Kila tulipoiwasha injini, mshale ulipanda hadi kwenye alama nyekundu, nami nikasema bado. Tukavua bati, tukakata jingine.

Mwenzangu alichoka kungoja. Kwao Mbale alikuwa ameshawatangazia watu kwamba ndege itatua Jumamosi.

Tulikuwa na desturi: mmoja akifunga, mwenzake hukagua. Ijumaa ile nilikwenda msikitini, nikamwacha anafunga bati jipya. Niliporudi, kifuniko cha injini kilikuwa kimeshakazwa. Tukaiwasha. Mshale ukapanda kidogo, ukasimama mbali na wekundu.

"Nilikwambia, afande," akasema. "Kesho wewe naruka."

Kukifungua kifuniko kile kungekuwa kumwambia mtu aliyeniokoa kwamba simwamini. Sikukifungua. Jioni akapanda teksi kwenda Mbale kunisubiri.

Asubuhi niliruka, nikazunguka kwanza upande wa Buwenge kwenye mashamba ya wazi. Mshale ulikuwa umetulia. Nilikuwa bado nautazama kwa furaha niliponusa rangi ikiungua, kisha injini ikagonga mara mbili na kuzima. Nilitua kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Gurudumu liling'oka, na mkono wangu wa kushoto ukavunjika. Kwa ule mzima nilikifungua kifuniko. Silinda ya nyuma ilikuwa nyeusi, imekwama. Waya wa kipimajoto ulikuwa chini ya plagi ya mbele, ile inayopata upepo wa kwanza wa pangaboi.

Niliketi kwenye mabua nikalia, na si kwa sababu ya mkono. Mtu aliyekataa kuiamini ndege ile kwa roho yake ndiye aliyenifungia waya wa uongo.

Kesho yake alikuja hospitalini na ndizi mbivu. Nilimuuliza jambo moja tu: nani alihamisha waya?

"Mimi hapana gusa waya, afande," akasema. "Iko pale pale."

Hakupepesa macho. Sauti ilikuwa tulivu kabisa, na mimi niliijua. Niliwahi kuisikiliza nikiwa nimelala kifudifudi juu ya dari yake, nikimwomba Mungu wale wenye bunduki waiamini.