Kibodi ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alisomea kompyuta Arusha, wa kwanza kwenye ukoo wetu, na nilijigamba Karatu nzima mpaka watu wakanichoka. Kisha ugonjwa wa mishipa ukamla vidole. Akarudi nyumbani na kompyuta yake yenye mfumo wa Linux, akaanza kutengeneza kibodi inayotokea kwenye kioo cha kompyuta, ili asukume kipanya kwa kiganja na kuchagua herufi humo.

Mpaka ikamilike, vidole vilikuwa vyangu. Yeye alitaja herufi, mimi niliyeishia darasa la tatu nikabonyeza.

"Bibi, unabonyeza kama unasaga mtama."

"Wewe taja, acha mdomo."

Mwanzoni herufi zilionekana kwenye kioo lakini hazikuandika kitu. Baadaye zikaandika, ila akianza na herufi kubwa, zote zilikuwa kubwa. Kila alipofaulu kitu alipunguza kuniita. Siku alipoandika ukurasa mzima peke yake nilimchinjia kuku, halafu nikaenda shambani na uchungu kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Ukaja msimu wa baridi, ukungu wa kreta, lile bonde la volkano lililo juu yetu, ukalala mpaka mlangoni. Nikasikia ananiita.

"Bibi, kiganja nacho kimegoma. Njoo."

Nilikuwa nimetamani sana kuitwa, lakini si kwa habari hiyo. Nikanawa udongo, nikaketi. Kibodi yake ilikuwa pale kwenye kioo, imekamilika, nzuri kabisa. Nikaweka vidole kwenye ile ya plastiki niliyokuwa nikibonyeza zamani, nikamwambia ataje.