Gesi Si Mchuzi

Haya hamtayaamini, na simlaumu mtu. Niliyafanya mimi mwenyewe na bado kuna siku nayakana. Shule iliniacha darasa la sita, kwa hiyo herufi zikienda upande mnivumilie. Ila kwa kusimulia, mtaa huu hakuna wa kunifikia hata visiginoni.

Namwandika mume wa dada yangu. Tunamwita Barafu kwa sababu ni fundi wa mafriji, na kwa sababu hapandishi sauti hata akikanyagwa kidole. Yupo hapa barazani, amepakata feni iliyovunjika shingo. Kila nikimaliza mstari namsomea, naye anaitikia "mh".

Barafu amekula miaka ishirini ndani ya matumbo ya mafriji. Pampu yake ya kunyonya hewa kaiunda mwenyewe kwa kompresa ya friji lililokufa, kaifunga kwenye ubao kwa mpira wa baiskeli. Hapimi kitu kwa jicho. Siku moja nikamtania, "Shemeji, hata chumvi unaipima?" Akasema, "Yangu, ndiyo."

Mama yetu hakumtaka. Alitaka mkwe wa ofisini, mwenye kalamu mfukoni. Alimwita "mtu wa mafriji", tena mbele yake, tangu siku ya posa.

Basi Mama akapangiwa upasuaji wa jicho. Daktari akaonya: wakati wa kurudi nyumbani, vumbi lisimguse, jasho lisiingie kwenye bandeji, vioo vya gari vifungwe njia nzima. Na gari lenyewe, aliloachiwa na marehemu baba, kiyoyozi chake kilipuliza pumzi ya tanuri.

"Mama, nitakitengeneza mimi," Barafu akasema. "Hapa hapa nyumbani."

Nilishtuka. Huyu si mtu wa kuahidi. Nikajua anachokitafuta: Mama amwite "mwanangu", hata mara moja tu.

Jumamosi kutwa tulikuwa uani. Alipaka povu la sabuni kila mahali bomba lilipounganishwa, mpaka kiungio kimoja nyuma ya taa kikaanza kutoa mapovu. Hapo ndipo gesi ilipokuwa ikivujia. Akabadilisha kimpira chembamba kama pete ya mtoto. Akanyonya hewa kwa pampu yake saa nzima. Kisha akaleta mizani ya jikoni ya dada yangu, akaweka kopo la gesi juu yake, akawa anaangalia gramu zinavyopungua kama mtu anayesoma barua ya kuajiriwa. Zilipofika alipotaka, akafunga. Upepo ukatoka baridi, mtamu.

"Ongeza kidogo," nikasema. "Kopo la pili bado zima."

"Gesi si mchuzi, shemeji. Huongezi kwa kuonja."

Akaenda kuoga. Mimi, mjuzi wa yote, nikabaki na gari linalonguruma. Nikawaza: kama kopo moja linapoza hivi, mawili yatagandisha. Nikaunganisha lile la pili, nikaliingiza lote, nikalificha tupu chini ya kiti cha dereva. Nilitaka Mama atetemeke kwa baridi, nami nipate la kujisifia.

Jumatatu alfajiri tulikwenda hospitali bila kuwasha kiyoyozi, hewa ilikuwa nzuri. Kurudi ikawa saa saba mchana. Mimi kwenye usukani, Mama kando yangu, jicho limefunikwa, Barafu nyuma na mfuko wa dawa. Dakika tano za kwanza, raha tupu. Tulipoingia kwenye foleni, upepo ukageuka moto. Gesi ikizidi, presha hupanda na kompresa hujizima. Hayo nimeyajua nikiwa nimeshaharibu. Jasho likaanza kumteremka Mama kwenye paji, kuelekea bandeji. Barafu akainama mbele, akawa analifuta kwa leso yake, polepole, tone kwa tone.

"Mtu wa mafriji ni mtu wa mafriji tu," Mama akasema. "Hata upepo umekushinda?"

"Nisamehe, Mama. Kosa langu."

Kopo tupu likabingirika likagonga kisigino changu. Nikalirudisha chini ya kiti kwa mguu. Mimi, bingwa wa maneno, nikawasha redio.

Jicho lilipona, shukrani. Lakini huu mwaka wa pili Barafu hagusi gari la mtu. Wakimletea anasema, "Magari siyajui," nami nikiwa karibu hujikuta nakagua viatu vyangu.

Hapo ndipo nilipofika, nikamsomea. Safari hii hakusema "mh".

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Jioni ile ile. Nilifunga geji ya kupimia gesi, nikaona presha imezidi. Kopo nikalikuta chini ya kiti."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema wewe."

Nikarudi kwenye daftari mbio, maana kisa lazima kiishe vizuri. Nikawa naandika huku nasoma kwa sauti: Basi kesho yake nikamwendea Mama, nikapiga magoti, nikamweleza yote, akalia, nikalia, majirani mia mbili wakajaa uani kushuhudia nilivyo—

"Shemeji," Barafu akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye feni. "Mama yumo ndani. Jana tu ameniuliza kama nimeshajifunza kazi."