Nta ya Mabenchi

Nilipofika mlangoni mwa kanisa la zamani la misheni, nilipokelewa na harufu ya nta iliyochanganywa na mafuta ya taa. Wivu ukanipanda palepale.

Kila Jumamosi mama alikuwa akiyapaka nta mabenchi yale. Aliyapapasa kwa kiganja, taratibu, huku akiyaimbia. Sisi wanawe alitusugua kwa dodoki na maji ya baridi, harakaharaka, maana alikuwa anachelewa kanisani.

Siku moja mvua ilinyesha mpaka nyumba yetu ikavuja kitandani. Mama akachukua karai letu pekee, akajitanda kitenge.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kanisani. Kuna kigae kimepasuka, maji yatadondokea mabenchi."

"Na sisi je?"

"Nyie mtakauka. Mbao zile zikilowa, ndiyo basi tena."

Nilibaki mlangoni nimelowa chapachapa, nikiomba kanisa lile lianguke.

Leo nilinyoosha mkono nilipapase benchi la mbele. Mlinzi akaniwahi.

"Samahani mama, usiguse. Jengo hili linalindwa."

"Najua, baba," nikamjibu. "Linalindwa tangu nikiwa mdogo."