Kanda Moja ya Darasa Zima

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye ni mwalimu hapa Mbeya, alikuja na kishikwambi cha shuleni kwao akakitua mezani, katikati ya mchele niliokuwa nachagua. Akanieleza kwamba siku hizi wanafunzi wanaandika humo yanayowasibu, anayetaka asitaje jina, na yeye kama mwalimu wa malezi anayasoma. Mtoto akiandika kwamba amechoka kuishi, mashine inawasha alama nyekundu. Nikamuuliza kwa siku anasoma ya wangapi. Akasema ni wengi mno, kwa hiyo anaangalia tu zile zenye alama. Nikamwambia akitoe kitu chake kwenye mchele wangu. Alinuna, akadhani nadharau mambo ya kisasa. Sikudharau. Nilichoka tu ghafla, uchovu ule ule wa zamani, kwa sababu mashine ya namna hiyo na mimi nilikuwa nayo, yeye mwenyewe akiwa bado hajaota meno.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Mufindi, saa mbili kwa miguu kutoka Igowole. Mume wangu alikuwa Mbeya kwenye reli mpya, nyumbani anakuja mara moja moja. Mimi nimebaki na kichanga mgongoni, ndiye huyu huyu wa kishikwambi, na vipindi tele, na zamu ya bweni, na shamba la shule. Kuni mbichi, ukungu mpaka saa nne, nepi hazikauki. Nilikuwa mkali, nisidanganye. Wanafunzi walikuwa wakisikia viatu vyangu tu kwenye korido wananyamaza.

Mwaka mmoja mkuu wa shule akaja na kinasa sauti, sijui alikipata wapi. Sisi tulikiita redio kaseti. Kilikuja na kanda moja tu, na betri nne kubwa ambazo alisema zitutoshe muhula mzima. Umeme wa jenereta ulikuwa wa masomo ya jioni tu, kwa hiyo tuliishi kwa betri. Zikilegea, nilizianika dirishani juani zipate nguvu kidogo. Jua lenyewe la Mufindi unalijua.

Nikabuni zoezi, na wakati ule nilijiona nina akili kweli. Kila msichana wa Kidato cha Tatu anaingia peke yake kwenye stoo ya ramani, anabonyeza kitufe, anasoma kifungu nilichompa, na muda ukibaki anasema chochote alicho nacho moyoni. Dakika mbili kila mmoja. Kiranja anakaa nje na saa ya mezani, muda ukiisha anagonga mlango, anaingia mwingine. Niliwaambia wawe huru, stoo haina mtu, atakayesikia ni mimi peke yangu.

Sasa ngoja niseme nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nasikiliza kile kifungu, mistari minne mitano, nikishajua anasoma vizuri au anajikwaa, navusha kanda mpaka kwa mwingine. Hayo ya moyoni sikuyagusa. Nilijiambia nabana betri, na betri kweli zilikuwa za kubana, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na sikutaka kusikia mambo ya watu. Kisha kwenye daftari la kila mmoja, kwa wino mwekundu, niliandika maneno yale yale: Nimekusikia. Jitahidi. Darasa zima. Jumatano nikawarudishia.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilikuwa nyumbani. Shule zilikuwa zinafungwa Jumatatu, na mkuu alitaka msomaji mmoja mzuri wa kusoma Jumapili mbele ya wazazi wa karibu, kwa hiyo nikarudisha kanda mwanzo niwasikilize wa kwanza kwanza nichague. Mtoto alikuwa amelala. Nikaweka kichwa mezani kidogo tu, na usingizi ukanichukua pale pale, kanda inazunguka, betri zinaliwa.

Kilichoniamsha ni sauti ya msichana anayezungumza taratibu. Nilimjua. Mrefu, mpole, kwao kijiji kimoja cha huko Mbeya, anakaa karibu na dirisha. Alikuwa ameshamaliza kusoma.

"Muda umebaki, mwalimu," alisema. "Dada yangu amefariki akijifungua. Nyumbani wameamua shule ikifungwa niende kwa shemeji nikashike nafasi yake. Sitaki. Na kuishi sitaki tena. Sitafika nyumbani, na hapa sitarudi. Nakwambia wewe kwa sababu ulisema tuseme chochote."

Kiranja akagonga. Msichana akasema asante, akazima.

Niliirudisha nikasikiliza tena, labda nimeota. Sikuota. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko. Alikuwa amerekodi Jumatatu. Jumanne nilimpita bombani, akaniamkia, nikaitikia huku natembea. Jumatano nikampa daftari lake mkononi mwake mwenyewe. Na keshokutwa asubuhi lori la kuwapeleka barabara kuu lingekuja, naye angepanda pamoja na wenzake, na baada ya hapo hakuna ambaye angejua ameshukia wapi.

Kidato cha Tatu walikuwa shambani, wanapalilia viazi. Nilikwenda mbiombio na mtoto mgongoni, njiani najiuliza kama atakuwepo, naona aibu, naogopa, namlaani mkuu na betri zake. Nilipomwona ameinama kwenye tuta la mwisho, jembe mkononi, nilikaa chini kwenye udongo. Wenzake wakatazama. Nikawaambia wapumzike mtoni, nao wakaondoka mara moja.

Yeye alibaki amesimama. Nikamwambia nimesikia kanda. Akasema anajua, kwani nilimwandikia kwenye daftari.

Akaendelea kupalilia. Akasema bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa na hasira, kwamba aliyasoma maneno yangu mara nyingi. Alifikiri nimesikia yote, halafu nimemjibu ajitahidi. Tena akawa anajaribu kuelewa ajitahidi nini.

Ningeweza kumdanganya. Mwalimu wa enzi zile alikuwa haombi radhi kwa mwanafunzi, tena mwalimu kama mimi. Ningesema nilikuwa natafuta namna ya kumsaidia, angeamini.

"Sikukusikia," nikamwambia. "Nilisikia mistari minne nikavusha kanda. Niliandika uongo, kwako na kwa wote. Nimekusikia leo, saa hii, na nimekuja mbio."

Akaacha jembe. Akakaa juu ya tuta na kulia, kilio cha sauti kubwa, kile cha msibani, na mtoto wangu mgongoni naye akaanza. Tulikaa hapo mpaka ukungu ukaanza kushuka. Nilimuuliza waziwazi kama bado anataka kufa. Akasema hajui, ila leo amechoka tu. Nikamwambia hata mimi nimechoka, kwa hiyo twende nyumbani kwangu tukachoke wote. Akacheka kidogo, machozi yanatiririka.

Usiku ule na uliofuata alilala kwangu, matroni akiwa chumba hicho hicho, maana nilimweleza yeye na mkuu, na msichana nilimwambia kwamba nitawaeleza. Hakufurahi. Jumatatu hakupanda lori pamoja na wenzake. Tulipanda basi la Mbeya mimi na yeye, yeye kambeba mtoto, na sikumwacha hata dakika moja, hata chooni stendi nilisimama mlangoni. Alisema mwalimu unanibana kuliko bweni. Nikamwambia atanizoea.

Kwao tulikaa siku mbili. Mashangazi walinisema sana, mwanamke gani huyu anaacha mume wake mjini anakuja kuvuruga mambo ya ukoo. Na kweli mume wangu alikuwa ananisubiri. Baba wa msichana alikuwa mtu wa maneno machache, bado amenyoa kichwa kwa msiba. Siku ya pili nilimweleza yale ambayo msichana alikuwa amenikubalia kuyasema, polepole, mpaka mwisho. Hakunikatiza. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo, akarudi macho mekundu.

"Nimeshazika mmoja," aliwaambia ndugu zake. "Huyu arudi shule."

Sitasema kwamba aliamka kesho yake anaimba. Muhula uliofuata zilikuwepo siku za kutotoka kitandani, na matroni alikuwa akinitumia mtu kuniita. Lakini alikuwepo. Kidato cha Nne akamaliza.

Siku ya kwanza ya muhula ule nilikuwa nimeificha ile kanda chini ya nguo za mtoto. Wenzake wote nilishawasikiliza Jumapili ile, lakini sikuweza kuifuta, na sikuweza kuisikiliza tena. Nilikuwa nimeamua zoezi lile life. Msichana yule akaja nyumbani kuulizia zoezi, nikamwambia sauti yake imo humo na siwezi kuwaachia wengine warekodi juu yake.

"Ifute, mwalimu," akasema. "Kanda ni hiyo hiyo moja, na wadogo zetu hawajasikilizwa."

Nikaifuta mbele yake. Wiki ile Kidato cha Tatu kipya kiliingia stoo, mmoja mmoja, na kiranja mpya na saa ya mezani. Betri niliomba kwa mume wangu. Nilikaa mezani kwangu, mtoto ananyonya, nikasikiliza wote mpaka kiranja anapogonga. Wengi hawakusema kitu, walipumua tu wakisubiri muda uishe. Mmoja aliimba. Mmoja alilalamikia maharage. Nilisikiliza na kule kupumua.