Kisanduku Juu ya Kaburi la Gyamwe

Shitaye alikuwa mkunga kule Emdibir, mji wa Wagurage, na mikono yake ilipokea watoto wengi kuliko alivyoweza kuwakumbuka. Kusoma alijifunzia ukubwani. Neno la kwanza aliloomba afundishwe ni jina la mama yake, Gyamwe. Ile "gya" ya mwanzo huandikwa kwa herufi moja yenye alama kichwani, herufi ambayo Kiamhara, lugha kuu ya nchi, hakina.

Mama alipofariki, Shitaye aliliandika jina hilo kwenye simu yake, akamtumia Fikadu, mchonga mawe wa Welkite, alichonge kwenye jiwe la kaburi. Siku ya kumbukumbu ya mwaka, ndugu walijaa makaburini. Padri akavuta shuka jeupe lililofunika jiwe.

Pale ilipostahili kuwa herufi ya kwanza palikuwa na kisanduku kitupu, kimechongwa kwa kina na pembe zake zimenyooka. Baada yake, "mwe".

 

"Mwe ndiye nani?" shangazi yake aliuliza kwa sauti ndogo. "Tumemlilia nani hapa?"

 Kwa Shitaye ilikuwa kama mama amekufa tena, na safari hii bila jina.

Kesho yake aliteremka Welkite. Fikadu hakubisha, alimwonyesha ujumbe kwenye kompyuta yake kuukuu. Kisanduku kilikuwemo humo, vilevile.

"Nilichonga nilichokiona, mama. Nikasema labda ndio mtindo wenu Wagurage."

"Mtindo wa kumzika mtu bila kichwa?"

Shitaye akatoa simu yake. Ujumbe uleule, na humo herufi ilikuwa nzima. Wakatazama simu, wakatazama kompyuta, wote wawili wameduwaa. Kompyuta ilikuwa ya zamani kuliko siku herufi za Kigurage zilipoingizwa kwenye mitambo; ilipokea namba inayowakilisha herufi hiyo, ikakosa umbo la kuonyesha.

"Itamke nisikie," Fikadu alisema.

"Gya."

"Ga."

"Wewe chonga tu, kaka."

Fikadu alipanda Emdibir na patasi zake. Shitaye aliliandika jina zima kwa mkaa upande wa nyuma wa jiwe, naye Fikadu akalifuata kwa patasi mstari kwa mstari, kisha wakaligeuza jiwe. Kisanduku sasa kinatazama ukuta wa kanisa. Shitaye hapiti upande ule. Anasema mwili humsisimka.